Shemeji Dobi na Filamu za Kijapani

Shemeji yangu ni dobi, na tangu tumzike dada yangu hajadondosha hata chozi. Anafua, anatia wanga, anapiga pasi, anakula akipewa. Ukimjulia hali anasema "nzuri" kama anayemjibu mteja. Binti yake wa pekee ndiye aliyeleta dawa: filamu za zamani za Kijapani, zile za familia, za rangi nyeusi na nyeupe. Alisikia zinaliza watu wazima, akasema hata baba zitamliza.

Mimi mwanzoni ziliniudhi. Watu wamekaa sakafuni wanazungumzia hali ya hewa, baba anaitikia "ndiyo, ndiyo," treni inapita, kisha unaonyeshwa chumba kitupu weee mpaka unadhani mashine imekwama. Hata kofi hakuna! Lakini baadaye nikajikuta nalia kwikwi, eti kwa sababu ya mama mmoja anayekunja nguo za bintiye anayeolewa. Shemeji yeye anatazama mashati. "Hiyo kola imepigwa pasi na mtu mwenye haraka," anasema, basi.

Macho yake hayashiki tena herufi ndogo, kwa hiyo binti humsomea maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini, maneno ya baba, ya mama, ya majirani, yote kwa sauti ile ile. Wakati huo binti alikuwa amepata kazi mji wa mbali. Aliniambia mimi tu: baba akitamka neno moja la kumzuia, haendi. Ila kila akitaka kuanza, maneno yanamkwama.

Jumapili moja alasiri tulikuwa sebuleni, sote watatu. Kwenye filamu msichana alikaa na baba yake, kimya, na chini hapakuwa na neno lolote. Binti akasoma.

"Baba, nimepata kazi mbali. Niende, au nibaki na wewe?"

Nikageuka. Binti alikuwa amekaza macho kwenye skrini.

"Aende," shemeji alisema. "Msichana mzima atakaa hapo afanye nini?"

Binti akaendelea kusoma mpaka mwisho. Wiki iliyofuata akaondoka, nguo zake zote zimepigwa pasi na baba yake.

Hasira zilinipanda. Nikamfuata shemeji chumba cha kufulia.

"Shemeji, yale hayakuwa maneno ya filamu. Alikuwa mwanao anakuuliza!"

"Najua. Yule wa kwenye filamu hakufungua mdomo."

"Sasa mbona hukumzuia? Alikuwa anangoja neno lako tu!"

Alimaliza mkono wa shati, akageuza wa pili.

"Nilijipekua moyoni nione kama itaniuma akienda. Sikukuta kitu, shemeji. Nimekufa ganzi. Sasa nimzuie mtoto abaki na mtu ambaye haumii?"

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, yamejaa mdomoni. Nikavuta kiti nikakaa, nikaanza kumkunjia mashati.