Volti 18, 20 au 36? Msumeno wa betri nilionunulia paa la kanisa, na bado sijaelewa

Wakuu, amani iwe kwenu. Mimi ni mzee wa kanisa na seremala hapa Butembo. Nitaeleza jambo lililonipata kama lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha, kwa sababu nahitaji msaada wenu.

Tulikuwa tunajenga kanisa dogo upande wa Luofu. Kuta zilikuwa zimesimama, za tofali mbichi, zilizofyatuliwa kwa maji ambayo mama zetu waliyabeba kutoka mtoni.

Mnajua tofali mbichi. Mvua ikilikuta halijafunikwa, linarudi kuwa matope.

Kukata mbao za paa ilikuwa kazi yangu. Bega langu limechoka, halikubali tena msumeno wa mkono, namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa nalo. Na kule hakuna umeme. Basi kamati ya ujenzi ikakubali ninunue ule msumeno wa betri unaoshuka kutoka juu na kukata mbao kwa pembe.

Dukani nikaikuta mitatu: volti 18, volti 20 na volti 36.

Muuzaji akaniambia, "Papa, hii ya makumi mbili na ile ya kumi na munane ni kitu moya tu."

"Juu ya nini basi bameandika namba mbili?"

"Ile ni komersi, Papa, ya kuuzisha tu."

Nikavuka barabara kwa muuzaji mwingine. Yeye akacheka: "Huyo anakudanganya, Mzee. Makumi mbili inapita kumi na munane, hata mutoto wa primaire anajua."

Nilirudi nyumbani na kichwa kizito. Nikaomba, nikalala, nikaamka vilevile.

Mwishowe nikafikiri kama tunavyofikiri wengi huku kuhusu sola. Mwenye volti 12 anawasha taa, mwenye 24 anawasha na televisheni. Basi 36 itakuwa bora kuliko zote. Nikarudi kwa yule muuzaji wa kwanza, nikaununua. Ulikuja na betri moja. Ya pili, waliniambia, bado inasubiriwa Beni, itokee mpakani Kasindi.

Sitausingizia ule msumeno. Ulikata mikaratusi kama mkate.

Lakini kabla ya saa sita ya mchana betri ilikwisha. Mbao hazikufika hata nusu.

Nikapeleka chaja kwenye sola ya pasta. Konvertisa yake, ile inayogeuza umeme wa sola uwe kama wa nyumbani, ikalia mara tatu, ikazima. Mpaka leo sijui kama ni volti zilizokataa, au chaja ilitaka umeme mwingi kuliko uliokuwepo. Kila mtu alinieleza kivyake, nami nilikubaliana na wote.

Sasa sikilizeni lililoniuma. Siku hiyo ilikuwa ya salongo, kazi ya pamoja, na kwetu kila fundi anakuja na chombo chake, na chombo kikifika uwanjani ni cha wote. Ndugu watatu walikuja na mashini za kutoboa, zote za volti 18 na za kampuni moja. Betri sita zilikuwa juu ya meza, zimejaa.

Paluku, mmoja wao, akajaribu kuchomeka moja kwenye msumeno wangu. Haikuingia.

"Mzee," akasema, "betri tuko nazo. Ni mashini yako ndiyo inakataa kukula na batu."

Wakacheka, nami nikacheka kidogo. Kisha wakachukua misumeno ya mkono wakakata kwa zamu, mimi nikichora pembe kwa penseli.

Mvua ilikuja kesho yake, kabla ya mabati. Tulifunika kwa bâche, yaani turubai, na majani ya migomba, lakini ukuta wa upande wa mlango ulishuka mpaka kimo cha kiuno.

Nilikwenda kumwomba msamaha Mama Kavira, kiongozi wa akina mama.

"Papa, tutachota tena," akasema. Akaenda kutafuta bidon yake ya maji.

Nimejifunza hili: kabla ya kuuliza ipi ina nguvu, uliza wenzako wa kazi wana betri gani. Hilo nililijua kwa nyundo na kwa jembe. Kwa volti nililisahau.

Ukuta umeinuliwa tena, unakauka, na mvua hazijaisha. Muuzaji, Mungu ambariki, amekubali kunibadilishia. Ila wa 18 alionao si wa kampuni ya wale ndugu. Wa kampuni yao umeandikwa 20. Je, betri zao zitaingia? Na zikiingia, hazitauunguza?

Anayejua aniandikie hapa taratibu, kama mtu anayemfundisha babu yake. Jumatatu naenda dukani, na Paluku amenipa betri yake moja niende nayo mkononi.