Kishingo Alipowika

Nilipokuwa mtoto wa kuweza kutumwa dukani nikarudi na mafuta ya taa bila kuyamwaga njiani, kwetu Mlingotini tulikuwa na kuku jike tuliyemwita Kishingo, kwa sababu shingo yake haikuwa na manyoya. Hakuwa kuku wa kupendeza machoni. Lakini alikuwa mlezi, na mama yangu alimthamini kuliko kuku wengine wote, maana kila alipoatamia alitoka na vifaranga, na aliowatoa aliwakuza.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita vya pili vya dunia, nguo zikiwa bado za shida. Masika yale Kishingo aliatamia jikoni, ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, juu ya majivu na makumbi ya nazi. Bibi yangu, mama yake baba, aliweka kipande cha mkaa na msumari kando ya mayai ili radi isiyaharibu. Mama hakuwa na imani kubwa na mambo ya misumari, lakini hakuutoa. Ndivyo walivyoishi wawili wale. Bibi alikuwa na miiko yake, na mama aliipisha kwa adabu, kama mtu anayepisha mkeka wa mwenziwe anayesali.

Vifaranga walipoanguliwa, kazi ya kuwalinda ilikuwa yangu. Asubuhi niliwapa chenga za mchele na machicha ya nazi. Mvua ikikatika niliwatoa uani, na mwewe akionekana juu ya minazi niliwafunika kwa tenga, nikakaa karibu yao na fimbo. Ardhi ilikuwa imelowa, nyasi zimeota mpaka kizingitini, na ua wetu ulinuka matope na moshi wa kuni mbichi. Baba alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, na asingerudi kwa majuma kadhaa. Nyumbani tulibaki wanawake watupu, na mama alikuwa mjamzito.

Mimba ile haikuzungumzwa kwa sauti. Baada yangu mama alikuwa amezaa mara mbili, na watoto wote wawili walirudi kwa Mungu kabla hawajajua kutambaa. Kwa hiyo Bibi alimlinda kwa kila alichokijua. Alimkataza kukaa kizingitini, alimkataza kutoka nje wakati wa magharibi, alimkataza hata kutazama jeneza likipita. Mama alitii.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika. Bibi alikuwa anapepeta mchele, mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nami nawachunga vifaranga. Kishingo aliacha kuparua. Alipanda juu ya kinu kilicholazwa ukutani, akanyoosha ile shingo yake tupu, akawika. Haikuwa sauti ya jogoo hasa. Ilikuwa nzito, kama imekwama kooni. Lakini haikuwa sauti ya jike. Akawika tena, na ungo ukatulia mikononi mwa Bibi.

Kwetu, kuku jike akiwika anaita msiba. Anatangaza mauti ya mtu wa nyumba ile, na dawa yake ni achinjwe siku ile ile, ili alichokiita kimrudie mwenyewe. Sikumbuki nani alinifundisha jambo hilo. Nililijua kama nilivyojua jina langu.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniambia. Ndivyo alivyoniita kwa utani siku zote, ila asubuhi ile hapakuwa na utani katika sauti yake. "Nenda kamwite Mzee Shomari aje na kisu."

Nikainuka kumfuata mzee huyo, jirani aliyetuchinjia baba akiwa hayupo.

"Kaa," mama alisema.

Nilikuwa sijapata kumsikia akimpinga Bibi, hata kwa jambo dogo. Nilibaki nimesimama, sijui nimtii nani.

"Umesikia alivyolia huyu?" Bibi alimuuliza.

"Nimesikia, mama."

"Na hali yako unaijua."

"Naijua. Kwa hali hii niliyonayo, mama, siwezi kukaa nikaona mwenye watoto wachanga anachinjwa. Hawa watalala kwa nani? Mvua hii itawamaliza wote. Ngoja waote mabawa kwanza. Nakuomba."

Hakulia. Aliendelea kukuna, na nazi ilikuwa inamwagika nje ya sinia.

Bibi aliweka ungo chini. Nilidhani atainuka aende kumwita Mzee Shomari mwenyewe. Badala yake aliurudia ungo wake. "Haya," alisema. "Mungu ndiye ajuaye."

Mchana ule nilimwona akiizunguka nyumba na chetezo cha ubani, akisoma. Alipofika mlangoni pa chumba cha mama alisimama zaidi. Akamaliza kusoma, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha kila siku, "Ee Mola, kama kuna linalokuja, lisiingie humu."

Siku zikapita na msiba haukuja. Vifaranga wakaanza kuota mabawa, wakawa wanakimbia mbali na mama yao, nami nikaanza kusahau. Mpunga bondeni ulikuwa umechanua, na Bibi alikuwa akienda kufukuza ndege. Siku moja mvua kubwa ilimkuta huko, akarudi ameloa mpaka mifupani. Kesho yake alishikwa na homa, kisha kichomi, hata akawa hawezi kuvuta pumzi bila kushika ubavu.

Mama alimuuguza. Alimkanda kwa maji ya moto, alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, na pamoja na uzito wa tumbo lake alitandika mkeka kando ya kitanda cha Bibi akalala hapo. Baba aliitwa kutoka dago. Shangazi, dada yake baba, aliolewa Vigwaza, na yeye alifika na kanga zinazochuruzika maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Njiani, kabla hata ya kufika kwetu, majirani waliosikia mlio ule na kumwona kuku bado hai walikuwa wamekwisha kumweleza.

Alimkuta mama amepiga magoti kando ya kitanda. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, na baba amesimama mlangoni.

"Kuku amewika katika nyumba hii," Shangazi alisema, "na kuna mtu amemkingia kifua asichinjwe. Ni kweli au si kweli?"

Mama aliinamisha kichwa. Nilimwona akivuta pumzi ili ajibu, na nilijua kwamba angesema kweli, kwa sababu hakujua kusema vingine.

"Mwache," Bibi alisema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote tuliisikia. "Mimi ndiye niliyekataa."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Vifaranga walikuwa wadogo, nikawaonea huruma. Huyu alitaka achinjwe, nikamkatalia. Usimuulize tena."

Kisha akanigeukia. Mimi peke yangu, mbali na wao wawili, nilikuwapo uani asubuhi ile. Alinitazama, wala hakuwa na haja ya kuniambia neno. "Nipe uji wangu, mke mwenzangu," alisema, nami nikampa.

Alifariki kabla ya Ijumaa.

Wakati wa matanga sikusikia mtu akimnyooshea mama kidole. Shangazi mwenyewe ndiye aliyempikia, na ndiye aliyemzuia asiinue ndoo. Watu walipotawanyika baba alimchinja Kishingo. Mama hakula ile nyama. Kipupwe kilipoingia alijifungua mtoto wa kiume. Huyo alitambaa, akasimama, na leo ni mzee mwenye wajukuu.

Mama nami hatukulizungumza jambo lile mpaka yeye amekuwa mtu mzima sana na mimi nimekwisha kuzaa. Nilimuuliza kwa nini Bibi alisema vile. Akanijibu, "Alijua kwamba baada yake nitabaki na watu hawa."

Wajukuu zangu huniuliza kama ni kweli kuku jike huita mauti. Huwaambia sijui. Bibi alikuwa mtu mzima, mvua ilikuwa ya baridi, na kichomi kimeua wengi ambao kuku wao hawakuwahi kuwika. Lakini yeye aliamini. Alilala kitandani pale akiamini kwamba aliitwa yeye, na kwamba aliyemzuia Mzee Shomari asije na kisu ni mkwewe, aliyekuwa akimlisha uji. Angekuwa haamini, maneno yale yangekuwa mepesi kuyasema. Aliyasema akiwa na hakika kwamba anakufa kwa ajili ya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitaka, na katika maisha yake yote sikupata kumsikia akisema uongo mwingine.