Jiwe Lililopoa Juu

Mjukuu wangu, iko siku moja inayonirudia kila ninapogusa jiwe, hata hili la kusagia. Kwa kuwa kesho unakwenda machimboni Geita, acha nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya sabini, huku Shinyanga. Holo, mama yako, alikuwa bado anatambaa. Mume wangu Masanja na mimi tulikuwa tunapasua mawe ya msingi wa nyumba yetu. Unawasha moto mkubwa juu ya mwamba, ukishapata joto unaumwagia maji, jiwe linabanduka. Wazee walitufundisha kwamba baada ya maji, jiwe liachwe lilale mpaka asubuhi.

Wiki hiyo alipita mtaalamu wa miamba, na nyundo yake. Nikampa maji ya kunywa. Akasema, "Hii graniti ni changa kuliko milima iliyokuwa hapa."

Masanja akacheka. "Changa? Babu yangu aliikuta hapa hapa, naye alikuwa hana jino."

Mgeni naye akacheka, kisha akatueleza. Zamani sana ardhi ilisukumana, ikajikunja, ikawa milima. Lakini joto hutembea polepole mno ndani ya mawe. Kusukumana kulipokaribia kwisha, ndipo joto lilipokuwa limejaa kule chini. Mawe yakayeyuka, yakapanda, yakapoa yakawa graniti. "Juu kunatulia, chini ndiko kunaanza," alisema. Nikaona ni maneno ya kupitisha muda.

Siku ya tatu tangu mgeni apite, mawingu yalikuwa meusi. Niliogopa mvua itatukuta bila msingi. Moto tulikuwa tumeuzima kwa maji asubuhi ile ile. Mchana nikaweka kiganja juu ya mwamba. Baridi.

"Limepoa, Baba Holo."

"Wazee walisema lilale."

"Wazee walikuwa na nyumba tayari."

Akatabasamu, akachukua mtaimbo, akainama chini ya ukingo.

Ndipo nikasikia mlio ndani ya jiwe, mdogo, kama ganda la kunde likipasuka juani. Nilitaka kumwita, nikaona haya: nimemharakisha mwenyewe, sasa nimwambie naogopa? Mlio ukaja tena. Nikanyamaza. Bamba zima la jiwe likabanduka, likamwangukia. Nilipolishika nilisukume, upande wake wa ndani uliniunguza kiganja kile kile.

Masanja hakuinuka tena. Watu walisema ni bahati mbaya. Mama mkwe wangu alikufa akiamini hivyo. Wewe nakwambia: lilikuwa neno langu, kisha kunyamaza kwangu. Mpaka leo usingizini nausikia ule mlio.

Basi, mwanangu, usiliamini jiwe kwa ngozi yake. Lipe usiku mzima, hata mvua ikija, hata wenzako wakikuita mzembe. Na ukisikia mlio, sema hapo hapo. Wakikucheka, watakucheka mpaka jioni tu. Mimi nilinyamaza, na haijaisha.

Mungu akutangulie katika kila shimo, na akutoe kwa miguu yako mwenyewe. Leta mikono niishike kabla hujaondoka.