Kukaza nilijua, kuachia ndiko kulikonishinda: mimba yangu ya pili hapa Minjila

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi dada zangu, najua mmo humu mnasoma kimya kimya bila kukoment.

Leo naandika jambo ambalo hata mama yangu mzazi sijamwambia lote. Sitatia chumvi. Yamenipata mimi mwenyewe, na mwenye haraka ya kucheka acheke amalize, kisha tuendelee.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Minjila, kazi yangu ni kuuza maziwa sokoni Garsen. Ni Muorma, mke wa mfugaji. Jambo jingine mnalopaswa kujua ni kwamba sijui kutulia. Nikiambiwa nifunike sufuria, nitaifunika, nitaifunua nione kama imefunikika vizuri, nitaifunika tena. Mume wangu, Baba Habiba, husema hata usingizini miguu yangu inatembea.

Shida ilianza na huyo Habiba, kifungua mimba wangu.

Nilimzaa nyumbani. Uchungu ulipoanza tu, wanawake wote chumbani wakaanza kunipigia kelele, sukuma, sukuma! Na mimi kwa kiherehere changu nikasukuma tangu alfajiri mpaka jua likawa la utosi, na mtoto mwenyewe bado hata hajakaribia kutoka. Siwalaumu, walinitakia heri. Habiba alitoka mzima, alhamdulillahi. Niliyebaki na kasoro ni mimi.

Nikikohoa, mkojo.

Nikicheka, mkojo.

Nikiinua mtungi wa maziwa, mkojo.

Si mwingi, ni matone tu. Lakini Waislamu wenzangu mtanielewa, tone moja linatosha kuvunja udhu. Natia udhu, nafika kwenye mkeka, napiga chafya, narudi kutia mwingine. Nainama kurukuu, nahisi umajimaji, nakatiza swala nikabadilishe nguo. Mke wa ustadhi aliniambia mwenye udhuru kama wangu hujistiri, akatia udhu kila wakati wa swala unapoingia, akaswali, basi, dini haikumbana. Akili ilikubali, moyo ukakataa. Nikisujudu, mawazo yangu yote yako kwenye nguo yangu badala ya kuwa kwa Mola wangu. Iliniuma sana hiyo, kuliko hata aibu ya watu.

Wakitaka tuswali pamoja nyumbani, mama mkwe na wifi zangu, mimi nasingizia niko kwenye siku zangu. Uongo huo una mwisho wake. Siku moja mama mkwe akaniuliza mbele ya wote, "Wewe siku zako za mwezi huu zinangoja za mwezi ujao?" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao, na kwa kucheka huko nikalowa.

Ndipo nikashika mimba ya pili.

Wakuu, sikuwa na raha hata kidogo. Watu wananipa hongera, mimi nawaza, kama wa kwanza aliniacha na matone, huyu ataniacha na nini? Tumbo lilipokua ndiyo mambo yakazidi. Nikapunguza kunywa maji. Hebu fikirieni joto la huku kwetu, mjamzito anakaa juani na mitungi ya maziwa, na hanywi maji! Nikapata mkojo wa kuchoma mpaka nikatafutiwa dawa. Msiige hiyo.

Sokoni nakaa karibu na Mama Neema. Yeye ni Mpokomo, anauza ndizi za shamba lake la mtoni. Siku moja nimeinuka kwenda chooni kwa mara ya sijui ngapi, akaniambia, "Weh Mama Habiba, hicho choo umekinunua?" Nikajikuta nimekaa chini nikimwambia kila kitu.

Hakucheka. Alisema hata yeye yalimpata, na akanionyesha video kwenye simu yake ya dada mmoja akifundisha mazoezi ya misuli ya chini, ile ambayo wazungu huita pelvic floor. Ni misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kama kamba za kitanda. Imebeba kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Unaikaza kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za wakwe, unashikilia kidogo, unaachia, unapumzika, unarudia. Mjamzito akiifanyia mazoezi, inamsaidia kuzuia mkojo, na akishazaa hurudi sawa kwa urahisi zaidi.

Mimi nilisikia kukaza. Hilo la kuachia halikuniingia kabisa.

Nikaanza kazi. Ili nisisahau, nikayafunga mazoezi na adhana. Muadhini akianza, na mimi nakaza. Baada ya muda nikaona hiyo ni kidogo mno kwa mtu mwenye haraka. Nikawa nakaza nikipima maziwa, nakaza nikipika, nakaza nikimsuka Habiba. Mteja ananiuliza bei, mimi namjibu meno yameumana. Hata mkojo nilikuwa naukata katikati ili nijipime, jambo ambalo baadaye nilikatazwa kabisa.

Mwanzoni matone yalipungua, nikajiona bingwa. Halafu yakaja mengine. Haja kubwa ikawa vita. Haja ndogo nachuchumaa nangoja, mkojo hauanzi, nikiinuka ndipo unajitokea wenyewe. Kiuno kikawa kinauma mpaka ndani.

Mnajua nilifanya nini? Nikaongeza kukaza.

Wakati huo mto nao ulikuwa umeanza kupanda. Anayeijua Tana anajua tabia yake. Mvua inanyesha huko juu bara, sisi huku tuko na jua kali na vumbi, na maji yanakuja. Habari zikafika kwamba watu wa Ndera, juu yetu mtoni, wameanza kuhamisha vitu. Mama Neema akawa anakata ndizi zake mbichi kabla shamba halijaliwa na maji. Baba Habiba alikuwa amewapeleka ng'ombe malisho ya mbali, tumebaki na wachache tu wa maziwa. Kila asubuhi naenda barabarani kuangalia kama bado inapitika, nikirudi naenda tena. Niliogopa maji yakate njia, nizalie tena nyumbani kwa ile sukuma sukuma.

Kujifungua kulipokaribia, nikaenda kliniki Garsen. Sista aliyenipokea alikuwa mama wa makamo. Alianza na maswali ya kawaida, nikamkatiza nikamwaga yote, pamoja na mazoezi yangu, kwa fahari. Akaniuliza kama niko radhi anipime. Nikakubali. Akavaa glavu.

"Kaza," akasema.

Nikakaza. "Haya, nguvu unazo," akasema. Nilitamani nimpigie Mama Neema simu hapo hapo.

"Sasa achia."

"Nimeachia."

"Bado, mamangu."

"Sista, nimeachia!"

"Hujaachia. Umekaza mpaka mapaja. Hata uso umeukunja."

Nikajaribu tena. Wakuu, wallahi sikuiona njia. Nilikuwa kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani, kwenye nyumba ya wenyewe. Machozi yakanitoka palepale kitandani.

Sista akaniacha nilie, kisha akanieleza. Misuli ikikazwa mchana kutwa inachoka, na ikichoka haiwezi tena kuzuia mkojo. Na siku ya kuzaa, mtoto akiikuta imejifunga, kazi yake ya kutoka inakuwa ngumu. "Kuachia ni nusu ya zoezi," akasema. "Wewe umefanya nusu moja tu, ukaifanya kupita kiasi."

Akanifundisha upya. Nisibane pumzi, nisikaze matako wala tumbo. Nikikaza kidogo, nipumzike zaidi ya nilivyokaza. Na kwa hizo wiki zilizobaki, niache kukaza kwanza, nishike kulegeza: nilale ubavu, mkono juu ya tumbo, nivute pumzi polepole, na kule chini kushuke pamoja na pumzi. Akanielekeza pia kupakanda pale pa kutokea mtoto kwa mafuta safi na mikono iliyooshwa, taratibu, bila kujiumiza. Muulizeni sista wenu kwanza, maana si kila mimba inafaa.

Kulala ubavu na kupumua! Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu. Navuta pumzi moja, nakumbuka maji, nainuka kuangalia barabara. Narudi, navuta ya pili, nakumbuka maziwa jikoni. Nikawa nakasirika, na nikikasirika nakaza.

Aliyenifundisha hasa ni ng'ombe. Tulikuwa na mmoja mwekundu, alikuwa na tabia ya kuzuia maziwa. Nimekamua tangu utotoni, najua ng'ombe akizuia halazimishwi. Ukivuta chuchu kwa nguvu ndiyo anazidi. Unamletea ndama aanze yeye, unamkuna shingo, unamwimbia, unangoja. Asubuhi moja nimekaa karibu naye na tumbo langu hilo, naimba, nikagundua kwamba mimi mwenyewe nimejikaza tangu nilipoamka. Nikaendelea kuimba. Pumzi ikashuka, na kule chini kukashuka nayo, kukalegea kama mtu aliyefungua mkanda. Nilishtuka nikidhani nimejikojolea. Nikajipapasa, niko mkavu. Nilikuwa nimeachia tu.

Nilicheka peke yangu pale zizini kama mwehu.

Maji yalipozidi kusogea, Mama Neema akasema niende nikangojee siku yangu kwake Garsen mjini. Kwake nilizunguka ua mpaka kuku wakanizoea. Uchungu ulipokuja ulinikuta karibu na hospitali, na hapakuwa na wa kunipigia kelele. Ilipofika kichwa kinatokea, sista wa zamu akaniambia, "Sasa usisukume. Puliza, kama unapoza chai."

Jamani, mwili mzima unataka kusukuma, na mimi ndiye yule asiyejua kungoja. Nikapuliza. Nikaimba ule wimbo wa ng'ombe, kwa Kiorma, sista hata haelewi ninasema nini. Nikaachia. Mvulana akatoka polepole. Sikushonwa, nilipata mchubuko tu.

Msidhani hadithi iliishia hapo. Baada ya kuzaa matone yaliendelea. Arobaini nzima siswali kwa sababu ya nifasi, damu ya uzazi, kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua kama nimepona, nazunguka nyumbani kama kuku anayetaka kutaga. Nilipotoka arobaini, nikaoga, nikasimama kuswali, na swala ya kwanza tu nikahisi tone. Nililia kwa hasira. Lakini safari hii sikuongeza kukaza. Nilifanya kama nilivyofundishwa, kidogo kidogo, nikaze, niachie, nipumzike. Wiki zikapita. Kukawa na siku nzuri na siku mbaya, kisha nzuri zikaanza kuwa nyingi.

Juzi nilitia udhu wa Alasiri, nikaswali, nikabaki kwenye mkeka nikinyonyesha. Nilikohoa, nikangoja. Hakuna kitu. Mama mkwe akaniletea birika la maji ya udhu wa Magharibi, nikamwambia, "Mama, bado nina udhu."

Akasimama na lile birika. Nikadhani atanitania tena. Akafunga mlango kwanza, akakaa kando yangu, akaniuliza kwa sauti ndogo nimefanyaje.

Nikamweleza yote, na ule uongo wa siku zangu pia.

Akaniambia, "Mimi hivyo hivyo, tangu nimzae mumeo. Nilidhani ndiyo uzazi wenyewe."

Wakuu, mume wangu ana mvi. Miaka yote hiyo mama wa watu anabadilisha nguo kimya kimya, na mimi chumba cha pili nabadilisha zangu kimya kimya. Nikamlaza ubavu, nikamwekea mkono tumboni, nikamwambia avute pumzi.

Funzo langu ni hilo. Ukiwa na mimba usingoje mpaka uharibikiwe, muulize sista kuhusu misuli ya chini, na akikufundisha sikiliza mpaka mwisho, usikimbie na nusu kama mimi. Na matone baada ya kuzaa ni ya wengi, lakini si lazima uzeeke nayo.

Uwanja ni wenu. Aliyepitia aseme, mwenye ujuzi anisahihishe. Na wanaume mliosoma mpaka hapa, kabla hamjakoment, nendeni kwanza mkawaulize mama zenu na wake zenu wanaendeleaje.