Mwaka wa Pili Walioufuta

Barua ya kufunga mafunzo yetu ilikuwa na mistari minne. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya kitivo cha tiba, vidole bado vina wino wa kalamu. Kisha nikairudia, kwa sababu sikuamini kwamba kazi ya mtu inaweza kufungwa kwa maneno machache hivyo.

Tulikuwa watatu. Sote tulikuwa tumerudi Bujumbura na shahada ya uzamivu kutoka ng'ambo, na sote tulikuwa tumeingizwa kwenye mpango wa miaka miwili wa kuwafunza walimu wapya wa udaktari namna ya kufundisha. Kujua jinsi moyo unavyosukuma damu ni jambo moja. Kumfanya kijana wa miaka ishirini alijue, tena asilisahau siku ya mgonjwa wake wa kwanza, ni jambo lingine kabisa. Katika mwaka wa kwanza ulikaa nyuma ya darasa la mwalimu mkongwe, ukaandika anachofanya. Katika mwaka wa pili ulipewa somo lako, yeye akakaa nyuma na kukuandika wewe. Ukimaliza ndipo unathibitishwa kuwa mhadhiri.

Tulikuwa tumemaliza mwaka wa kwanza, vita ikiwa imeingia mjini, nchi jirani zilipotufungia mipaka na wageni walioleta mpango wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Barua ilisema mafunzo yamesimamishwa, na anayetaka kumalizia atatafutiwa nafasi huko kwao. Wenzangu wawili walikubali. Mmoja, ambaye tulikuwa tukila naye mchana kila siku, alinishika mkono nje ya lango.

"Dada, we unabaki kufanya nini? Watu wanakufa hapa."

"Na atakayewatibu atafundishwa na nani?"

"Si lazima akuwe we."

Alisema kweli. Haikuwa lazima niwe mimi. Lakini nilikuwa nimeshachoka kusikia kila mtu mwenye elimu akieleza kwa nini si lazima awe yeye.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Buyenzi, baba yangu, fundi cherehani, alisimamisha mashine niliposema nabaki. "Mi sikukusomesha ili ukufe," alisema.

"Wala hukunisomesha ili nikimbie, Baba."

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alinikuta jikoni, akanitupia koti jeupe jipya alilolishona kwa kitambaa cha shuka, mifuko mikubwa kama ya fundi.

Mwalimu wangu mkongwe, tuliyemwita Profesa, alikaa mtaa wa Mutanga Nord, katika nyumba iliyojaa vitabu vya anatomia na harufu ya dawa ya kusugua magoti. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Nilikwenda kwake Jumamosi asubuhi, nikapita bariyeri mbili za askari barabarani. Askari kijana wa bariyeri ya pili alifungua daftari langu, akakuta mchoro wa moyo, akaugeuza huku na huku.

"Hii ni nini?"

"Moyo."

"Wa nani?"

"Wa kila mutu," nikamwambia. Akanirudishia bila kucheka.

Nilimwomba Profesa aendelee kunisimamia kama vile hakuna kilichofungwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sina barua inayoniruhusu," alisema.

"Sikuomba barua, Profesa. Nakuomba ukae nyuma ya darasa."

Alisugua goti. "Jina lako bado liko kwenye ratiba. Jumanne nitakuja. Usichelewe kuanza."

Mhadhara wangu wa kwanza peke yangu ulichukua saa mbili. Sikusoma popote, sikukwama hata mara moja, na mwisho wake nilijiona nimeuteka mji. Profesa alisubiri watoke wote.

"Umesema vizuri sana," akasema. "Sasa nenda kawaulize wamejifunza nini."

Niliwauliza wanne koridoni. Mmoja alikumbuka mchoro. Wawili walikumbuka kwamba nilisema haraka. Wa nne, aliyekuwa akitoka Buterere kila asubuhi akipita kwenye maji ya mafuriko na viatu vyake ndani ya mfuko, aliniambia kwa adabu, "Madamu, muzuri sana, lakini mi sijaelewa." Niliona aibu kwenda kumrudishia Profesa majibu hayo. Nilimrudishia. Ndivyo tulivyoanza.

Sasa niseme habari ya viti. Watu waliiita vita hii krizi, yaani mgogoro tu, kama homa inayopita, lakini darasani kwangu haikupita. Wanafunzi walikaa pande mbili, kama vita ilivyowagawa, na katikati walikuwa wameacha njia tupu pana ya kupitisha machela. Sitaji upande upi ulikuwa wa nani. Waliokuwepo wanajua, na asiyekuwepo hahitaji kujua ili aelewe. Walimu wengine walifundisha huku wakiangalia ubao. Mimi sikuweza. Kila nikigeuka niliiona ile njia, na hasira ilinipanda.

Wiki ya tano tulifika kwenye mapigo ya moyo na presha. Tulikuwa na kipimo kimoja cha presha kwa darasa zima, lakini mapigo hayahitaji kifaa, yanahitaji vidole vitatu na mkono wa mwenzako. Nilichukua orodha ya majina, nikapanga wawili wawili kwa kufuata alfabeti, nikawaita mbele. Sikumwuliza mtu. Nilijiona jasiri.

Jozi ya tatu ilikuwa ya kijana mrefu ambaye nyumba yao ya mtaa wa Carama ilikuwa imechomwa, na msichana mdogo wa umbo aliyekaa upande wa pili. Kijana alirudisha mikono nyuma.

"Madamu, mi siwezi. Wameua kaka yangu mukubwa."

Nilifungua mdomo. Shahada zangu zote, na mwaka mzima wa kuandika alichofanya Profesa, havikunipa neno moja. Aliyejibu ni yule msichana. Hakupandisha sauti.

"Na mi wameua baba. Lete mukono."

Kijana alimtazama. Kisha akatoa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayeuingiza ndani ya maji asiyojua yana joto gani. Msichana akaweka vidole, akatazama saa ya ukutani, akahesabu kwa midomo. Moyo ulikuwa unapiga mbio, mbio sana. Aliandika namba ubaoni, akarudi kukaa upande wake, na kijana akaenda wake. Saa iliyobaki nilifundisha kwa nini moyo wa mtu aliyekaa tu unaweza kwenda hivyo, na hakuna aliyepiga miayo.

Nilidhani Profesa atanipongeza. Alifunga daftari lake kwa nguvu.

"Umewatumia," alisema. "Wale watoto wawili wamebeba somo lako mgongoni na we hukuwaomba. Yule binti angekataa, ungefanya nini?"

Nililia chooni, nikanawa uso, na Jumanne iliyofuata nikasimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba nilikosea. Niliwaambia hakuna atakayelazimishwa kushika wala kushikwa. Ila katika darasa langu atakayejifunza mapigo atayajifunza kwenye mkono wa mtu asiyemchagua, kwa sababu mgonjwa naye hatamchagua. Aliye tayari aje mbele. Walikuja sita. Wiki iliyofuata walikuja zaidi.

Nikaitwa na mkuu wa kitivo, ambaye aliipata nafasi hiyo juzi tu baada ya aliyemtangulia kuondoka nchini. Alinikaribisha kiti, akaniita binti yangu.

"Watu wamelalamika. Fundisha ubaoni, inatosha. Nani amekaa wapi, hiyo si kazi yako."

"Mapigo ya moyo hayafundishwi ubaoni, Bwana Mkuu."

"Binti yangu, we si mhadhiri. We ni mutu wa mafunzo, na mafunzo yamefungwa. Kwa karatasi, haupo."

"Basi onyo lako utamwandikia nani?"

Lilinitoka kabla sijalipima. Alinyanyuka akanifungulia mlango. Kesho yake jina langu lilikuwa limefutwa kwenye ratiba iliyobandikwa koridoni, limepigwa mstari mwekundu mara mbili, na Jumanne nilikuta darasa limefungwa kwa kufuli. Wanafunzi walikuwa nje, pande mbili kama kawaida, wakinitazama nitafanya nini.

Nilikaa kwenye ngazi nikaanza kufundisha. Nilieleza vali za moyo nikitumia ngumi zangu mbili. Pale kwenye ngazi hapakuwa na nafasi ya kuacha njia katikati, kwa hiyo aliyetaka kusikia alibanana.

Profesa alifika kwa mguu, amechelewa, goti linamsumbua. Alitutazama, akaingia ofisini kwa mkuu, akatoka na ufunguo. Alichosema humo ndani hakuniambia kamwe. Ratiba mpya ilipotoka, somo langu lilikuwa na jina lake. Kila Jumanne aliingia nami, akasaini kitabu cha mahudhurio kama mwalimu, kisha akapanda kwenda kukaa nyuma kabisa na daftari lake. Nilifundisha mwaka mzima hivyo. Alinikosoa kila wiki, bila huruma. Mitihani niliitunga mimi, akaisaini yeye. Walifaulu vizuri kuliko waliowatangulia, na sifa ikaandikwa kwa jina lake. Aliona haya juu ya hilo kuliko mimi.

Alistaafu akarudi milimani kwao. Mimi nilibaki na cheo cha msaidizi miaka mingi, nikifanya kazi ya mhadhiri. Mapigano yalipopungua na wageni wakarudi na mpango uleule wenye jalada jipya, ofisi iliniletea fomu ya kujiunga kama mwalimu mpya, nianze mwaka wa kwanza. Niliirudisha tupu. Karani, mama mwema, alinisihi. "Saini tu, Madamu. Ni utaratibu."

"Mwaka wa kwanza nimeufanya. Wa pili nimeufanya. Kama hawana karatasi, wawaulize madaktari."

Ilichukua miezi, na barua nyingi kutoka kwa watu niliowafundisha, mpaka wakaniingiza kwenye mpango kama msimamizi wa walimu wapya. Kwenye faili langu ule mwaka wa pili bado haupo. Wakisoma haya, waujaze.

Wale vijana wawili wa jozi ya tatu wote ni madaktari. Watu wakisikia kisa hiki hupenda kuniuliza kama waliishia kuwa marafiki, au kuoana. Hapana. Sidhani waliwahi hata kunywa chai pamoja. Yule binti anatibu watoto mkoani. Kijana nilikutana naye hapa mjini, koridoni mwa hospitali, koti limekunjamana, macho ya mtu ambaye hajalala.

"Madamu," alisema baada ya salamu, "mwaka ule nilikuchukia sana."

"Najua. Na sasa?"

Alifikiri kweli, kama mtu anayeulizwa kwenye mtihani.

"Bado nakuchukia kidogo," akasema. Tukacheka sote wawili, na muuguzi akamwita wodini.