Kinywa cha Baba Mkwe

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mbagala ndiyo kwanza inapiga mswaki, na Noela Nandonde ameshachungulia vinywa vitatu.

Cha nne ni cha bibi mmoja muuza mihogo, aliyekaa kwenye kigoda uani kwake na kujiziba midomo kwa upindo wa khanga.

"Panua, bibi. Zaidi kidogo. Mie sing'oi jino la mtu, naangalia tu."

"Kinanuka, mwanangu. Utatapika."

"Nimeshachungulia vinywa zaidi ya mia nane, bibi, na chai bado nakunywa."

Bibi anacheka, na kwa kucheka huko mdomo unafunguka wenyewe. Noela anawasha tochi, anasogeza shavu kwa kijiti cha mbao, anabonyeza fizi taratibu. Damu inachuruzika. Anaandika hilo kwenye fomu, kisha anamtoboa bibi kidole kupima sukari kabla hajatia kitu tumboni. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mapema, watu wakiwa hawajanywa chai wala hawajatawanyika kwenda kwenye biashara zao.

Noela, mwenye umri wa miaka 36, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa miaka miwili sasa anapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti unaotaka kujua kama mgonjwa wa kisukari akisafishwa fizi zake ipasavyo, sukari yake nayo itashuka. Posho yake ni shilingi elfu kumi na tano kwa siku, siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki anachoma vitumbua.

Mtaani wanamtania kwamba hana adabu. Amempanuisha mdomo mjumbe wa mtaa mbele ya wajumbe wenzake, akampanuisha mwalimu wa madrasa, akampanuisha na katekista wa kigango chake mwenyewe. Wanaomjua wa siku nyingi wanasema hakuwa hivyo. Alibadilika kwa sababu ya kinywa kimoja.

Ilikuwa wiki yake ya pili kazini. Orodha ya siku hiyo ilikuwa na nyumba kumi na mbili, na ya tisa ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Polikarpo Nandonde, mchonga vinyago aliyehamia Dar es Salaam kutoka Newala akiwa kijana. Mzee alikuwa na kisukari tangu zamani na vidonge vyake alikuwa akimeza. Alikuwa ndiye hasa mtu ambaye utafiti ulimtafuta. Kilichobaki ni kumwangalia fizi.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Noela naye ni wa kusini, na nyumbani kwao mkwe hatazamwi usoni. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kula mbele ya mzee huyo. Akimsalimu hupiga magoti hatua tatu nyuma, macho chini. Sasa amwambie apanue mdomo, amtie kijiti, amnuse pumzi?

"Nilipiga goti, nikamwamkia shikamoo baba," anasema. "Nikamuuliza, baba, kinywani hakuna shida? Akasema, hakuna, mwanangu. Nikashukuru Mungu. Nikajaza fomu pale pale mlangoni: fizi nzima, damu haitoki. Tochi hata sikuitoa mfukoni."

Fomu ikapelekwa, jina la mzee likawekwa kando, kwa kuwa utafiti uliwataka wenye fizi mbovu. Walioandikishwa walianza kuitwa kliniki kila baada ya miezi mitatu: wanasafishwa fizi, wanapimwa sukari, wanavuliwa viatu na kukaguliwa nyayo. Mzee Polikarpo alibaki nyumbani na vidonge vyake.

Miezi minane baadaye mama mkwe, Bi Anjelina, alianza kulalamika kwamba mumewe hataki tena ugali, anataka uji tu. Meno yalikuwa yanacheza. Mawili aliyang'oa mwenyewe kwa vidole, akayatupa juu ya bati bila kumwambia mtu. Sukari nayo ikapanda, vidonge vile vile.

Kisha likaja la mguu. Mchongaji wa namna yake huketi chini, akalibana gogo la mpingo kwa nyayo zake mbili na kulichonga likiwa hapo. Siku moja patasi ilimteleza ikamchana dole gumba. Nyayo zilishakufa ganzi kwa sukari, kwa hiyo hakusikia kitu. Aliyeiona damu ni mkewe, kwenye shuka, siku ya tatu. Walipofika hospitali kidonda kilikuwa kimeshaoza, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

"Mguu kwake si wa kutembelea tu," anasema mwanawe Deogratias, ambaye ndiye mume wa Noela. "Ndio mkono wake wa pili. Gogo hulishiki bila mguu. Tangu siku ile hajachonga hata kijiko."

Ni wodini ndipo mambo yalipofichuka. Daktari wa meno aliitwa kumwangalia, akashangaa fizi zilivyojaa usaha na kusema hali ile ilikuwa ya miaka, si ya miezi. Akauliza kama mzee hakupitiwa na watu wa utafiti. Deogratias akajibu kwa kujiamini kabisa, "Alipitiwa. Mke wangu ndiye mpimaji."

Wote wakamgeukia Noela. Alitoka nje akaenda kukaa kwenye ngazi.

Kesho yake alikwenda kwa kiongozi wa utafiti, Dokta Hawra Sibtain, akaeleza yote. Fomu ikafutwa, akapewa onyo la maandishi, na nyumba zake zote za mwezi wake wa kwanza kazini zikarudiwa na mtu mwingine. Kosa jingine halikuonekana.

"Siwezi kusema mguu ungepona," anasema Dokta Hawra, anayepima maneno yake kama dawa. "Fizi zenye ugonjwa hupandisha sukari, na sukari ikipanda huziharibu fizi zaidi. Hilo tunalijua. Kuzisafisha kutashusha sukari kwa kiasi gani kwa watu wetu, ndicho tunachokitafuta. Lakini angekuwa anaonekana. Kila miezi mitatu kuna mtu angemvua viatu."

Noela amelishika hilo la viatu. Analirudia mara tatu katika mazungumzo, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Sasa mpimaji hatumwi nyumba ya mkwe wake. Hubadilishana na mwenzake. Kanuni hiyo aliiomba yeye. Hata hivyo, kwa zaidi ya mwaka hakuwa na ubavu wa kumwambia mzee mwenyewe. Alimpelekea uji, akamfulia, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda misa.

Alipoombwa kisa chake kiandikwe gazetini, aliomba apewe siku nne kwanza. Hakutaka mzee asomewe habari zake na majirani.

Siku ya tatu alikwenda. Alipiga goti kama kawaida, akasema yote huku akilia. Mzee Polikarpo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wiki ile meno yalikuwa yananiuma sana, mwanangu," alimwambia. "Nilifurahi kuona ni wewe uliyekuja. Nikasema, leo nitapona. Ila ulipoinamisha macho nikajua unaona haya, nikakuonea huruma. Ndiyo maana nikasema hakuna shida. Ungeniambia fungua, ningefungua."

Noela anasema angetukanwa ingekuwa nafuu. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa, na mpaka leo hajui alikaa pale chini kwa muda gani.

Awamu ya pili ya utafiti inaanza mwezi ujao. Aliomba jina la mzee liingizwe, akajibiwa kwamba haiwezekani. Masharti yanataka mtu mwenye meno yasiyopungua kumi. Mzee amebaki na saba.

Kwa hiyo ameamua kumpeleka kliniki ya meno yeye mwenyewe, nje ya utafiti, kila baada ya miezi mitatu, kwa pesa ya vitumbua. "Saba hayo yabaki," anasema. "Na mguu uliobaki ubaki. Sina ninalotaka zaidi."

Miadi ya kwanza ni Jumanne. Mzee amekubali kwenda, kwa sharti moja tu: Noela asimsubiri kwenye benchi. Aingie naye mpaka ndani, asimame karibu na daktari, aangalie.