Sarafu Isiyo na Sura

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika kukusanya sarafu, na ujinga wangu ulikuwa mwingi. Mara mbili nilishangilia washa ya baiskeli, kile kipete cha chuma cha kwenye nati, nikidhani ni sarafu ya kale. Kwa hiyo sarafu niliyorudishiwa kama chenji katika duka moja la Runazi sikuiamini haraka. Pande zote mbili zilikuwa tupu, hazina sura wala maandishi. Nilitafuta mikwaruzo ya msasa, sikuiona. Ukingo ulikuwa umeinuka kidogo, kama wa sarafu yoyote. Mnunuzi mmoja wa dhahabu akanipimia kwenye mizani yake: uzito sawasawa na sarafu ya shilingi mia mbili. Basi hakuna mtu aliyeisaga. Ilitoroka kiwandani kabla ya kugongwa chapa, na kosa kama hilo wakusanyaji hulilipia sana. Nikaiweka kwenye kisosi kabatini, nikalala kama tajiri.

Jumapili, kwenye foleni ya sadaka, mama yangu alikuwa mbele yangu kwa watu wanne. Alifungua fundo la kanga. Mama hutenga sadaka tangu Jumamosi, na huchagua pesa iliyo safi kuliko zote nyumbani. Nikaona kitu kinang'aa vidoleni mwake, kitupu kabisa. Ni ile yangu ya kisosini. Nilimwita kwa kunong'ona, kwaya ikanizidi. Nikataka kumpita mtu wa mbele, akanikazia macho. Mama akaitumbukiza kikapuni, akapiga goti, akaenda zake.

Zamu yangu ilipofika niliingiza mkono mzima kikapuni. Noti yangu ya sadaka niliiachia, lakini mkono haukutoka. Nikapapasa: maandishi, sura, tena sura. Mzee anayesimamia kikapu akaniinamia.

"Mwalimu, umepoteza nini?"

Nyuma foleni ilikwama. Nusu ya watoto mle kanisani nimewafundisha mimi. Kidole kikagusa ulaini. Nikaikamata, nikatoa ngumi, nikarudi kwenye benchi bila kumtazama mtu. Aibu niliiona, tena kubwa, lakini sarafu yangu nilikuwa nayo.

Baada ya misa nilimvaa mama uwanjani. "Mama, kwa nini hukuniuliza? Ile ya kisosini si pesa!"

"Nilijua si hera," akasema kwa upole. "Hera ina sura ya mkubwa, ni mali yake huyo. Ile haikuwa na sura ya mtu yeyote. Nikasema, basi hii ni ya Mungu." Uso wake ulikuwa umechanua. "Au nimekosea, mwanangu?"

Nikamwambia hapana, hukukosea. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeibana ile sarafu.